Baba hajaambiwa, na mimi ndiye ninayesubiriwa nitie saini

Shikamoo mama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa kwanza katika familia ya watoto wanne. Wazazi wetu wanaishi Muheza, mkoani Tanga. Naomba unisaidie kufikiri, kwa sababu nyumbani kila mtu ana lake na wote wananitazama mimi.

Baba ana umri wa miaka 61. Aliendesha malori kwa miaka mingi, na alipostaafu akajikita kwenye shamba lake la michungwa. Si mtu wa hospitali. Mwaka jana alianza kukojoa damu. Haikuwa na maumivu, ikawa inakuja na kupotea, naye akaamini ni kichocho. Alinunua dawa dukani, damu ikakata, akasahau. Baadaye miguu yote miwili ikaanza kuvimba, akakonda, suruali zikawa zinamvuka. Hapo ndipo mama alipotupigia simu.

Hospitali ya wilaya walimpiga ultrasaundi wakaona uvimbe kwenye figo ya kulia, wakatupa rufaa. Huko kwenye rufaa amepigwa CT ya kifua na tumbo. Daktari alituita mimi na mdogo wangu wa kiume, akatuonyesha picha. Alisema ni saratani ya figo, na haikuishia kwenye figo. Imeingia kwenye mshipa unaotoa damu kwenye figo, ikatokea kwenye ule mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na imepanda ndani yake hadi nyuma ya ini. Moyo haujafikiwa. Kwenye pafu la kushoto kuna kidoa kidogo ambacho kinaweza kuwa kovu la kifua kikuu alichougua ujanani, au kinaweza kuwa kitu kingine.

Tiba aliyotueleza ni upasuaji: kutoa figo yote, kisha kuufungua huo mshipa mkubwa na kulitoa pande la saratani lililomo ndani. Hakutuficha. Alisema itahitajika damu nyingi, baba atalala ICU, na katika wagonjwa kumi wenye hali kama yake mmoja anaweza asitoke. Akasema pia tusikae mno kufikiri, kwa sababu pande hilo linaendelea kukua.

Mama, haya yote tunayajua mimi, mdogo wangu, mama na baba mkubwa. Baba mwenyewe hajui. Mama alimsihi daktari asilitaje neno saratani mbele yake, kwa kuwa babu alikufa kwa saratani ya koo na baba ndiye aliyemuuguza. Kwa hiyo baba anajua ana "uvimbe kwenye figo" na kwamba tunasubiri vipimo.

Baba mkubwa hataki kabisa kusikia habari ya upasuaji. Anasema saratani ikishaguswa na kisu inapata hewa na kusambaa, na anatoa mfano wa jirani yetu aliyepasuliwa akarudi nyumbani na kufariki muda mfupi baadaye. Anamjua mganga huko Korogwe anayetibu kwa mizizi, na anataka tusubiri angalau msimu wa machungwa upite ndipo tuone. Mdogo wangu naye anataka baba apasuliwe hata kesho, na amekwishaanza kuulizia mnunuzi wa shamba, kwa kuwa bima haitalipia kila kitu. Mama analia tu. Ananiambia nitakaloamua mimi yeye atalifuata.

Kwenye kikao cha mwisho baba mkubwa alisema mbele ya watu wote: "Ukitia saini na mdogo wangu akafia mezani, ujue umemuua wewe." Tangu siku hiyo sipati usingizi.

Na mimi mwenyewe moyoni najiuliza: kama saratani imeshaingia kwenye mishipa ya damu, si maana yake imeshakwenda mwili mzima? Tunamtesa mzee wa watu bure? Au nikikataa nitakuwa nimemwacha afe wakati njia ilikuwepo?

Juzi nilipokwenda kumsalimia alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, mnanificha nini?" Nikamjibu hakuna kitu, baba. Nilitoka nje nikalia.

Nisaidie mama. Nifanye nini?

Mzaliwa wa kwanza, Muheza (jina limehifadhiwa)

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole kwa ugonjwa wa baba, na pole kwa namna ulivyoachiwa peke yako jambo ambalo nyumba nzima ingepaswa kulibeba.

Umeniuliza kuhusu upasuaji, ila maneno yaliyojaa zaidi kwenye barua yako ni ya saini: utie, usitie, na ukitia utaitwa nani. Nitayafikia hayo. Kwanza tuuzungumze ugonjwa wenyewe, maana hofu nyingi za kikao chenu zimetokana na jinsi ugonjwa huu ulivyoeleweka. Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kabla ya kuingia kwenye kazi hii ya ushauri, na kabla ya kukujibu nimezungumza na daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Lakini sijamwona baba yako wala picha zake. Yachukue maneno yangu kama ya kukusaidia kumuuliza daktari wenu vizuri zaidi.

Umeandika kwamba saratani ikishaingia kwenye mishipa ya damu maana yake imekwenda mwili mzima. Ni wazo ambalo karibu kila mtu angekuwa nalo, na kwa saratani nyingine nyingi lingekuwa karibu na ukweli. Saratani ya figo ina tabia yake. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani hii, kati ya 4 na 10 huwa imeota ikafuata njia ya mshipa: inatoka kwenye figo, inajipenyeza kwenye mshipa wa figo, inaingia kwenye mshipa mkuu ambao madaktari wanauita vena kava, na kupanda kuelekea moyoni. Hutokea zaidi upande wa kulia, kama kwa baba, kwa sababu mshipa wa figo ya kulia ni mfupi na vena kava iko jirani. Pande hilo linaweza kuwa refu sana na bado likawa kitu kimoja na uvimbe wa kwenye figo, kama mzizi uliopenya kwenye bomba la maji: unaukuta mbali, lakini shina lake ni lile lile. Mara nyingi mkia wake unaelea ndani ya mshipa bila kushika ukuta. Mara nyingine umeshika, na hapo kazi ya daktari huwa ngumu zaidi. Kwa hiyo kuingia kwenye mshipa ni jambo moja, na kusambaa kwenye mapafu, mifupa au ini ni jambo jingine. Wapo wagonjwa wenye la kwanza bila la pili, na hao ndio upasuaji huu ulibuniwa kwa ajili yao.

Hata miguu ya baba kuvimba ina maelezo yake hapo. Damu inayotoka miguuni inapanda kupitia mshipa huo huo, na sasa njia imebanwa.

Mwaka 1987 madaktari wa Mayo Clinic ya Marekani waliugawa ugonjwa huu kwa ngazi kufuatana na urefu wa pande, na mpaka leo madaktari wanazitumia. Ngazi ya chini kabisa ni pale linapoishia kwenye mshipa wa figo. Ngazi ya nne, ya juu kuliko zote, ni pale linapovuka kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na pengine kuingia ndani ya moyo. Kwa maelezo yako baba yuko katikati, nyuma ya ini, labda ngazi ya pili au ya tatu. Muulize daktari ni ipi hasa, kwa sababu jibu hilo linabadilisha mengi: urefu wa upasuaji, madaktari gani wawepo, na hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani.

Nikueleze kidogo kinachofanyika huko ndani, maana nimeona watu wengi wakiogopa zaidi kile wasichokijua. Daktari huanza kwa kufunga mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Kwa muda wote huo hulishika lile pande kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu kipande kikikatika kinaweza kukimbilia kwenye mapafu na kuua hapo hapo. Kisha vena kava hubanwa kwa vibanio juu ya pande na chini yake, na mshipa wa figo ya pili pia. Mshipa unafunguliwa, pande linatolewa pamoja na figo, unasafishwa na kushonwa. Pande likiwa nyuma ya ini, ini lenyewe lazima lisogezwe ili daktari aufikie mshipa, na ndiyo maana daktari aliyezoea upasuaji wa ini au wa mishipa ya damu huitwa kusaidia. Likiwa limeingia moyoni, wanahitajika madaktari wa upasuaji wa moyo na ile mashine inayofanya kazi badala ya moyo na mapafu. Hapa kwetu upasuaji wa moyo wa aina hiyo unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambayo iko eneo moja na Hospitali ya Taifa Muhimbili. Nalitaja hili kwa sababu pande linaweza kupanda likabadili ngazi. Ndiyo maana picha ya CT au MRI iliyokwisha kaa wiki kadhaa hurudiwa kabla ya mgonjwa kuingizwa chumba cha upasuaji.

Hatari aliyowaambia daktari ni ya kweli. Katika ripoti za hospitali kubwa za nje, vifo vinavyotokana na upasuaji huu wa vena kava huwa kati ya 5 na 10 kwa kila wagonjwa 100, vikipungua pande likiwa fupi na kuongezeka likifika moyoni. Kuna kutoka damu nyingi. Kuna figo iliyobaki kuchoka, na kwa wengine kuhitaji kusafishwa damu kwa muda. Kuna maambukizi, na kuna damu kuganda miguuni. Hilo la kwamba mmoja kati ya kumi anaweza asitoke si maneno ya kuwatisha. Ningemwogopa zaidi daktari aliyewaambia kuwa ni jambo dogo.

Lakini kikao chenu kimeipima hatari ya upande mmoja tu. Kinazungumza kama vile kisu kina hatari na kusubiri hakuna. Wagonjwa wenye hali hii ambao hawakutibiwa kabisa, nusu yao walifariki ndani ya takriban miezi mitano. Waliopasuliwa ambao saratani ilikuwa haijasambaa mbali, kati ya 40 na 65 katika 100 walikuwa hai miaka mitano baadaye. Namba hizi ni za makundi ya watu, tena za nchi zenye vifaa kuliko sisi, na hakuna anayejua baba yako ataangukia wapi. Sizitaji ili kukusukuma. Nazitaja ili baba mkubwa anaposema tusubiri msimu upite, muelewe kwamba na huko ni kuchagua, na kuna gharama yake.

Sasa tulitazame hilo la hewa na kisu, bila kumdharau baba mkubwa, maana hakulitunga yeye. Nimelisikia Tanga, Mwanza, Songea na kwingine kwingi. Nadhani limedumu kwa sababu watu wameona kwa macho yao. Wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa wamechelewa. Mtu anafunguliwa tumbo, inakutwa imeenea, anafungwa, anarudi nyumbani, anafariki. Anayetazama kutoka nje anaona kisu kisha kifo. Saratani haisambai kwa kupata hewa. Ila kumjibu mzee hivyo kwenye kikao hakutamshawishi. Pengine ingesaidia kumuuliza kwa upole: yule jirani alikuwa na saratani ya nini? Ilikuwa imefika wapi alipopasuliwa? Inawezekana hakuna anayejua, na hapo mtakuwa mmekubaliana kwamba mfano ule hauwezi kuamua jambo la baba. Bora zaidi, mchukue baba mkubwa mwende naye kwa daktari. Naona kwenye barua yako kwamba picha walionyeshwa ninyi wawili tu. Mkubwa wa ukoo anaposimuliwa na watoto huwa na kauli moja, na anapoonyeshwa picha mwenyewe, akauliza maswali yake mwenyewe, mara nyingi huwa na nyingine.

Kuhusu mizizi nitakuwa wazi zaidi. Kuna mitishamba inayoumiza figo, na baba anaweza kubaki na figo moja ya kumtunza maisha yake yote. Akiwa anapewa dawa za kuzuia damu isigande, mchanganyiko unaweza kumletea matatizo ya kutokwa na damu. Kama tayari ameanza kunywa kitu, daktari aambiwe, hata kama ni aibu kusema. Na ikitokea ghafla baba amebanwa na pumzi, kifua kinamuuma au amezimia, msisubiri kikao cha familia. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa kipande kimeingia mapafuni.

Kile kidoa cha kwenye pafu kisidharauliwe, wala kisifanywe hukumu. Kwa mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, kovu ni jambo la kawaida kabisa. Ulizeni kama ana picha yoyote ya kifua ya zamani ya kulinganisha, hata ile ya eksirei ya wakati wa matibabu ya TB ikiwa bado ipo kabatini. Kikionekana ni saratani, mazungumzo yanabadilika. Utafiti uitwao CARMENA, ulioongozwa na madaktari wa Ufaransa na kuchapishwa 2018, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi ambao saratani ya figo imekwisha kusambaa, kuanza kwa kutoa figo hakukuwaongezea maisha kuliko kuanza na vidonge vinavyoilenga saratani hiyo. Hata hivyo wapo wanaopasuliwa ingawa imesambaa, kwa sababu ya kutokwa na damu, au kwa sababu pande linakaribia kuziba mshipa.

Huenda mtu kwenye kikao chenu akauliza, kwa nini isiwe dawa tu, tuachane na kisu? Kemo tuliyoizoea na mionzi ya kawaida haina nguvu kubwa juu ya saratani hii. Zipo dawa mpya, nyingine zikiilenga saratani yenyewe na nyingine zikiamsha kinga ya mwili iipige vita. Kwa baadhi ya wagonjwa hulifanya pande lisinyae, kwa wengi halisinyai vya kutosha kubadili mpango. Dawa ya kinga iitwayo pembrolizumab imeonyesha kuwasaidia waliokwisha kupasuliwa na ambao saratani yao ina uwezekano mkubwa wa kurudi. Ila bei yake ni kubwa mno kwa familia ya kawaida, na sitaki mkimbilie kuuza kitu kabla ya kujua kama daktari anaiona inamfaa. Ulizeni pia kama mnaweza kupata maoni ya daktari wa saratani, kwa mfano katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Maoni ya daktari wa pili kuhusu upasuaji wenyewe mnaweza kuyatafuta Muhimbili au KCMC Moshi, ambako madaktari wa mfumo wa mkojo wanafundishwa. Hakuna daktari mwenye busara atakayechukia mkiomba. Muulizeni yule wa kwanza, bila kumsimanga, upasuaji wa namna hii ameshafanya na nani, atasaidiwa na nani siku hiyo, na damu itapatikana vipi. Kwenye hospitali zetu ndugu huombwa kuchangia damu, na hilo ni jambo ambalo hata wajomba wasio na fedha wanaweza kuanza kulipanga leo.

Iko pia njia ya kutopasuliwa, na ningependa mtu aizungumze kwenu kwa heshima yake. Mtu akisema hataki kisu haina maana kwamba ameachwa. Kuna tiba ya kutuliza maumivu hadi morfini, kuna namna za kupunguza damu kwenye mkojo, kuna kumtunza mtu nyumbani kwake akiwa na watu wake. Njia hiyo kwa ugonjwa huu kwa kawaida ni fupi, na mwishoni inaweza kuwa na uvimbe na uchovu mwingi. Lakini kuna watu wazima, wenye akili zao timamu, waliozipima zote wakaichagua hiyo, na sikuwaona kuwa wamekosea.

Nimesema watu wenyewe waliozipima. Hapa, mwanangu, ndipo ninapotaka kukaa nawe kidogo.

Katika barua yako yote, baba mkubwa ana maoni, mdogo wako ana maoni, mama ana machozi, wewe una hofu. Baba yako ana swali moja tu, "mnanificha nini?", nalo halikujibiwa. Namwelewa mama. Mtu aliyemuuguza baba yake na saratani ya koo analijua neno hilo kwa sura ya kutisha, na mama anamkinga mumewe kwa namna pekee anayoiona. Ila jiulize kama kinga hiyo bado ipo. Mtu aliyekonda, anayeona watoto wanatoka nje wakirudi macho yamewaiva, anayepigwa picha kila wiki, huyo amekwisha kujua kuna jambo. Inawezekana kitu asichokijua ni kwamba kuna tiba.

Tena angalia mambo yalivyo. Fomu ya ridhaa kwa mtu mzima mwenye akili timamu ni yake yeye. Ndugu hutia saini pale mgonjwa asipojiweza, na baba yako anajiweza. Maneno ya baba mkubwa kwamba utakuwa umemuua yamekuumiza kwa sababu nawe umekubali kwamba uamuzi ni wako. Je, ni wako kweli? Na hata shamba ni la baba. Mnunuzi mnayemtafuta atanunua kwa nani, ikiwa mwenye shamba hajui kwa nini linauzwa? Akijua, huenda ana njia ambayo ninyi hamjaifikiria, kama kuwauzia wachuuzi machungwa yangali mtini na ardhi ikabaki. Huenda pia atasema liuzwe. Kabla ya kufika huko piteni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaulize msamaha wa gharama, na mpate kwa maandishi kutoka bima ni kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi.

Sisemi kumwambia hakuna hatari. Wapo wazee ambao wakilisikia neno hilo hugeukia ukutani wakaacha kula. Mama anaweza kukukasirikia kwa muda. Baba anaweza kukataa upasuaji moja kwa moja, na wewe ukalazimika kuheshimu jambo ambalo halikupendezi. Kwa upande mwingine, akiingia chumba cha upasuaji bila kujua na asitoke, atakuwa hakupata nafasi ya kuacha wosia, kuwaita anaotaka kuwaona, kudai na kudaiwa. Na akitoka salama, atatakiwa kupumua kwa nguvu huku kidonda kinauma, kutembea siku za mwanzo kabisa, kurudi kupigwa picha kwa miaka. Ni vigumu mtu kujitahidi hivyo kwa ajili ya "uvimbe" ambao ameambiwa si kitu.

Kama utaona inafaa, anza na mama peke yake, kabla ya kikao kingine chochote. Usimwambie umeamua. Muulize anachokiogopa zaidi siku baba atakapojua, umsikilize mpaka amalize. Kisha mwombe daktari azungumze na baba ninyi mkiwepo, na aanze kwa kumuuliza mwenyewe: mzee, unapenda kuelezwa yote, au kiasi, au nizungumze na watoto wako? Wapo wanaosema waziwazi, zungumza na binti yangu. Akisema hivyo, hapo sasa utakuwa umetumwa na yeye, na saini yako itakuwa na uzito mwingine kabisa, hata mbele ya baba mkubwa. Akitaka yote, apewe yote: ngazi ya pande, kidoa cha pafuni, ile hatari ya mmoja kati ya kumi, na yale yanayotokea asipopasuliwa. Mpeni muda wa kulala nayo, ingawa usiwe muda wa msimu mzima.

Nawe utafute mtu wa kukusikiliza nje ya nyumba hiyo, rafiki au mwalimu mwenzako, kwa sababu hapo kwenu kila anayekukumbatia anakuja na ombi.

Mkishazungumza na baba, niandikie tena. Akikubali upasuaji, tutazungumza maandalizi ya ICU na siku za kurudi nyumbani. Akikataa, niandikie vile vile, maana na huko kuna mengi ya kupanga, na sitakuona kama mtu aliyeshindwa. Msalimie mama yako sana.